Babu Yetu Aliyekwenda Tabora

Tarehe 19 septemba 1916 askari wa Kongo, wakiongozwa na Tombeur, waliingia Tabora. Nyuma yao walitembea maelfu ya wapagazi. Wengi waliuawa na njaa na magonjwa kuliko risasi. Babu yetu alikwenda akiwa askari, hakurudi.

Wazee walituachia jina lake la nyumbani tu. Jeshini alijulikana kwa jina lingine na namba. Ni kitabu cha ubatizo, penye ukurasa wa mwanawe, kilichoonyesha majina yote mawili, na neno moja: marehemu.

Kaburi lake hatulijui. Katika Jubilei hii tutamwombea kwa jina lake. Nanyi ulizeni wazee wenu wangali hai, mkaandike.