Habari za Chuo cha Tudor, Mombasa

Wazee na wanachama, hapa kwetu Burat wamo Waturkana, Waborana, Wameru, Wasomali na Wasamburu. Tukitaka chuo cha ufundi, swali la kwanza si fedha zitoke wapi, bali mlango utafunguliwa kwa nani.

Chuo cha Tudor kilianzishwa kwa ajili ya Waislamu wa Afrika ya Mashariki. Waliokichangia hawakuwa wa madhehebu moja: Sayyid Khalifa bin Harub, Sultani wa Unguja, Aga Khan wa Tatu, na jamaa ya Mabohora. Serikali nayo ikatia fungu lake. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951. Kijana asiye Mwislamu, hata kama nyumba yao yaelekea lango la chuo, hakuwa na nafasi (wala tusione ajabu, mwenye kutoa huwatazama kwanza wa nyumbani kwake).

Baadaye sharti hilo liliondolewa, na mwaka 1966 kikaitwa Chuo cha Ufundi cha Mombasa. Mwaka 1972 kikawa Politekniki. Mwaka 2013, Chuo Kikuu cha Ufundi. Aga Khan alikuwa amefariki mwaka 1957, na Sayyid Khalifa mwaka 1960. Hawakuwaona watoto wa dini nyingine wakiingia katika madarasa waliyoyajenga.