Makroprolaktini katika Damu ya Nchi za Malaria

Mwongozo wa Chama cha Endokrinolojia cha Marekani wa mwaka 2011 unashauri makroprolaktini itafutwe kwa wagonjwa wenye prolaktini (homoni ya maziwa) nyingi wasio na dalili. Ushauri huo unawaacha nje wagonjwa wanaouhitaji, na hata ukipanuliwa, kipimo cha kuitafuta hakiwezi kuletwa Haut-Lomami, mkoa wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kama kilivyo.

Asili ya makroprolaktini haina ubishi. Kwa kawaida ni prolaktini ya kilodaltoni 23 iliyoshikwa na kingamwili ya IgG hadi ikapita kilodaltoni 150. Kwa ukubwa huo haipenyi kuta za mishipa midogo ya damu wala haiondoki upesi. Maabara huiona nyingi, mwili hauihisi.

Nani apimwe? Kukosa haidhi, ugumba na maumivu ya kichwa vina sababu tele, na mwenye makroprolaktini huvipata kama watu wengine. Mke wa askari wa Base ya Kamina, kambi ya jeshi ya Haut-Lomami, aliyekawia kushika mimba tayari ana dalili. Kwa kuufuata mwongozo, hatatafutiwa makroprolaktini bali atapelekwa Lubumbashi, mamia ya kilomita, kupigwa picha ya sumaku ya kichwa kutafuta uvimbe wa tezi ya pituitari, pengine na kuanzishiwa kabergolini, dawa ya kushusha prolaktini. Ikishathibitika kwamba hana mimba, hanyonyeshi, hatumii dawa zinazopandisha prolaktini kama metoklopramidi au haloperidoli, na tezi ya shingo ni nzima, sampuli yake na isafiri kabla yake. Huko huchanganywa na polietileni glikoli, huzungushwa kwenye sentrifuji, na prolaktini iliyobaki katika maji ya juu hupimwa upya.

Maabara nyingi huhukumu kwa asilimia: ikibaki chini ya 40, ni makroprolaktini. Hapo ndipo penye hatari. Polietileni glikoli huangusha globulini, yaani protini za damu zikiwemo kingamwili, kwa jumla, na zikiwa nyingi huburuta hata prolaktini huru. Ram na wenzake walilionyesha hilo mwaka 2008: damu yenye globulini nyingi ilitoa majibu ya uongo. Nao Cohen na McGregor, wakifanya kazi Gambia mwanzoni mwa miaka ya 1960, walikuta watu wazima wanaoishi na malaria wakitengeneza gamaglobulini kwa kasi inayozidi sana ile ya Ulaya. Malaria ya Kamina si ya msimu mmoja, na VVU navyo hupandisha globulini hizo hizo. Mwenye uvimbe halisi wa pituitari anaweza basi kurudishwa nyumbani akiambiwa ni kingamwili tu.

Wapo watakaosema bora kuacha kipimo. Sikubaliani nao. Kinachopaswa kuachwa ni asilimia. Iandikwe prolaktini iliyobaki, ilinganishwe na viwango vya watu wazima wenye afya wa hapa hapa, damu yao ikiwa imepitishwa katika kemikali ile ile. Njia hii inamnasa pia mgonjwa mwenye makroprolaktini na uvimbe kwa pamoja, ambaye asilimia humficha. Gharama ipo: desturi ya kuweka viwango hudai watu 120 kwa kila kundi. Ni kazi ya mara moja kwa kila aina ya mashine, na hadi ifanyike, daktari wa Kamina ana haki ya kukataa jibu lolote lililoletwa kwa asilimia peke yake.