Kadi za Zawadi za Madukani: Ukomo wa Muda na Haki ya Mlaji

Kadi ya zawadi ya dukani ni malipo yanayoitangulia bidhaa. Mnunuzi hutoa fedha leo, naye mwenye duka hutoa kadi ya plastiki, karatasi au namba inayotumwa kwa simu, pamoja na ahadi kwamba atakayeileta atachukua bidhaa za thamani hiyohiyo. Tangu hapo hadi kadi itakapotumika, duka linadaiwa. Wahasibu wa duka lenyewe ndivyo wanavyoandika: fedha za kadi huingizwa kwanza kwenye mizania kama deni, na huhesabiwa kuwa mapato pale tu bidhaa zinapotoka.

Kwa madeni ya kawaida, mdaiwa hana mamlaka ya kutaja siku ambayo deni lake litakufa. Muda wa kudai huwekwa na sheria. Kenya na Tanzania, madai yatokanayo na mkataba yana ukomo wa miaka 6. Kadi iliyoandikwa nyuma, kwa herufi ndogo, kwamba haitapokelewa baada ya miezi 12 huifuta miaka 5 kati ya hiyo kwa kauli ya anayedaiwa peke yake. Tarehe hiyo mara nyingi huchukuliwa kama jambo la utaratibu tu, sawa na tarehe iliyopigwa kwenye pakiti ya maziwa. Lakini maziwa huchacha. Fedha iliyokwisha kuingia kwenye droo ya duka haichachi.

Tatizo huzidi kwa sababu anayeathirika si aliyefanya makubaliano. Aliyenunua kadi ndiye aliyeelezwa masharti, kama alielezwa, na ndiye mwenye risiti. Aliyezawadiwa hupokea bahasha. Katika sheria ya mikataba ambayo Afrika Mashariki iliirithi kutoka Uingereza, mtu asiyekuwa mhusika wa mkataba hupata shida kuudai mahakamani, na hapa mhusika wa mkataba ndiye asiyepoteza kitu. Desturi nayo huongeza uzito wake: ni vigumu kwa mtu mwenye adabu zake kumrudia shangazi aliyempa zawadi ya harusi amwambie kwamba zawadi imekataliwa kaunta, tena amwombe risiti akagombane na meneja. Kwa hiyo hasara nyingi za aina hii hazifiki kwenye meza ya malalamiko, na duka linaweza kusema kwa ukweli kabisa kwamba wateja hawajalalamika.

Kadi za kielektroniki zilianza kuenea Marekani katikati ya miaka ya 1990, zikichukua nafasi ya hati za karatasi. Mfumo wa kompyuta ulirahisisha mambo mawili kwa pamoja: kufuatilia salio hadi senti ya mwisho, na kulifuta salio hilo bila mtu yeyote kugusa kitu. Baadhi ya watoaji waliongeza tozo ya kila mwezi kwa kadi isiyotumika, hivyo kadi iliyokaa kabatini ikawa inajila yenyewe.

Hoja ya kwanza ya wafanyabiashara ni kwamba bila ukomo, madeni ya zamani yangeganda kwenye vitabu milele. Hoja hii haina nguvu tena. Kiwango cha kimataifa cha taarifa za fedha namba 15, kilichoanza kutumika tarehe 1 Januari 2018, kinaruhusu kampuni yenye uzoefu wa kutosha kukadiria sehemu ya salio ambayo haitadaiwa kamwe na kuitambua kuwa mapato polepole. Chukua duka lililouza kadi za shilingi milioni 100, likijua kwa uzoefu kwamba milioni 10 hazitadaiwa. Kadi za milioni 45 zikishatumika, yaani nusu ya milioni 90 zinazotarajiwa kutumika, duka huingiza pia nusu ya ile milioni 10 kwenye mapato, hata kama hakuna kadi hata moja iliyokwisha muda.

Mfano ulio wazi ni Starbucks, kampuni ya Marekani ya migahawa ya kahawa. Kadi zake hazina tarehe ya ukomo wala tozo ya kutotumika. Hata hivyo, katika mwaka wa fedha 2023 iliingiza zaidi ya dola milioni 200 kama mapato kutokana na masalio ambayo haitarajii yadaiwe. Usahaulifu wa wateja unailipa kampuni vizuri bila msaada wa kalenda. Hapo inaonekana kazi halisi ya tarehe ya ukomo. Haimgusi aliyesahau, kwa kuwa huyo hangekuja. Inamgusa asiyesahau: aliyeiweka kadi hadi arudi kutoka masomoni, au aliyesubiri aongeze fedha anunue jokofu, akafika mwezi wa 13 kadi ikiwa mkononi.

Hoja ya pili, kwamba bei hupanda na kadi ya zamani humtia hasara muuzaji, imegeuzwa kichwa chini. Kadi imeandikwa thamani ya fedha, si kilo za mchele. Kadi ya shilingi 50,000 ikikaa miaka mitatu huku bei zikipanda, anayepungukiwa ni aliyeishika. Duka kwa wakati wote huo lilikuwa na mkopo usio na riba. Hoja ya tatu, gharama za kutunza kumbukumbu na hatari ya kadi kughushiwa, ina ukweli ndani yake. Lakini inahalalisha kubadilisha kadi yenyewe, haihalalishi kutwaa salio. Kanuni za shirikisho nchini Marekani zimeliona hilo: plastiki inaweza kuisha muda kabla ya fedha iliyomo, na hilo likitokea mteja ana haki ya kupewa kadi mpya bila malipo.

Si kila ukomo ni dhuluma, na wanaharakati wanaotaka tarehe zote zifutwe hupoteza tofauti muhimu. Kipimo kinachofaa ni swali moja: je, mlaji alipunguziwa bei kwa kukubali muda mfupi? Bando la intaneti la siku moja ni rahisi kuliko la mwezi, na anayelinunua anajua kwamba ananunua nafasi ya kutumia mtandao kwa muda fulani. Ukomo ni sehemu ya bei. Ugomvi wa walaji na kampuni za simu juu ya vifurushi huibuka hasa pale tofauti hiyo ya bei inapokuwa ndogo au inapofichwa. Kampuni ya simu ya Safaricom ilipoanza kuuza vifurushi visivyoisha muda mwezi Oktoba 2019, mteja wa Kenya aliweza angalau kulinganisha bei ya muda na bei ya kutokuwa na muda. Vivyo hivyo kwa vocha za punguzo: aliyelipa dola 25 apate huduma ya dola 50 amepewa dola 25 za bure, na hizo za bure zinaweza kuwekewa tarehe. Groupon, kampuni inayouza vocha za punguzo mtandaoni, ilifuata mgawanyo huu Marekani, kwamba muda ukipita ofa hufa lakini kiasi ambacho mteja alilipa hubaki na thamani yake. Kadi ya zawadi ya kawaida hushindwa mtihani huu, kwa kuwa mnunuzi hulipa 10,000 apate ya 10,000.

Sheria za nchi mbalimbali zimefuata njia tatu. Ya kwanza ni kupiga marufuku ukomo kabisa. California imefanya hivyo tangu 1997, ikaongeza baadaye kwamba salio dogo linaweza kudaiwa taslimu. Jimbo la Ontario, Kanada, liliweka marufuku hiyo mwaka 2007. Ya pili, iliyo maarufu zaidi, ni kuweka muda wa chini. Sheria ya shirikisho ya Marekani ya 2009 iliweka miaka 5, na tozo haiwezi kuanza kabla ya mwaka mzima wa kadi kutotumika. Kadi zinazotolewa bure kwa matangazo hazimo. Ireland iliweka miaka 5 mwaka 2019, Australia ikaweka 3 mwaka huohuo, na New Zealand ikapitisha sheria ya miaka 3 mwaka 2024. Ya tatu ni kuacha mahakama zipime masharti kwa sheria za jumla. Nchini Ujerumani, mahakama ya rufani ya Munich iliamua mwezi Januari 2008 kwamba sharti la Amazon la mwaka mmoja kwa vocha zake lilikuwa batili, kwa kuwa lilimwelemea mteja kupita kiasi likilinganishwa na miaka 3 ya ukomo wa madai ambayo sheria ya nchi hiyo inatoa.

Hoja ya Munich ndiyo yenye mizizi imara zaidi. Haiulizi kama miaka 3 ni bora kuliko 5, jambo ambalo mabunge hulimaliza kwa kuvutana. Inauliza kwa nini deni la duka liwe na maisha mafupi kuliko madeni mengine yote.

Sheria ya Ireland inastahili kutajwa kwa jambo jingine: inakataza kumlazimisha mteja atumie thamani yote kwa mara moja. Bila katazo hilo, ukomo hupita mlango wa nyuma. Mwenye kadi ya shilingi 5,000 akinunua vitu vya 4,350, zile 650 hufa papo hapo, au ananunua sabuni asiyoihitaji ili kuziokoa.

Muda mrefu hausaidii kitu duka likifilisika. HMV, kampuni ya maduka ya muziki na filamu, ilipowekwa chini ya wasimamizi nchini Uingereza Januari 2013, kadi zake zilikataliwa kwanza, kisha zikakubaliwa baada ya wiki moja ya kelele za umma. Wateja wa Dick Smith, maduka ya vifaa vya elektroniki nchini Australia, hawakuwa na bahati hiyo Januari 2016. Kadi zilikataliwa, na wenye nazo wakapanga foleni pamoja na wadai wasio na dhamana. Si ajabu kwamba yote mawili yalitokea Januari, wakati zawadi za Krismasi bado hazijatumika. Afrika Kusini imelikabili hili kwa ujasiri zaidi. Kifungu cha 63 cha Sheria ya Kulinda Walaji ya 2008, mbali na kuweka muda wa chini wa miaka 3, kinasema kwamba fedha iliyolipwa kwa vocha ni mali ya mwenye vocha kwa kiasi ambacho hakijatumika. Kwa lugha hiyo duka si mdaiwa tu, ni mtunzaji wa mali ya mtu.

Afrika Mashariki haina kanuni mahususi ya aina hii katika sheria zake kuu za walaji. Kenya ina ibara ya 46 ya Katiba ya 2010, inayolinda maslahi ya kiuchumi ya mlaji, na Sheria ya Kulinda Walaji ya 2012. Sehemu kubwa ya sheria hiyo inafanana karibu neno kwa neno na sheria ya Ontario ya 2002. Ontario iliweka masharti ya kadi za zawadi katika kanuni ndogo, si katika sheria mama. Kenya ilichukua mti bila tawi hilo. Kulipandikiza hakuhitaji muswada mpya, kunahitaji waziri atumie mamlaka yake ya kutunga kanuni. Tanzania, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza udanganyifu na mwenendo wa kumkandamiza mlaji, na Tume ya Ushindani ingeweza kuanzia hapo.

Juu ya kufilisika, kanda hii ina mfano wake, tena ulioendelea kuliko wa nchi nyingi tajiri. Fedha za wateja wa huduma za fedha kwa simu, Kenya na Tanzania, lazima zikae katika akaunti ya amana benki, mbali na fedha za kampuni yenyewe. Salio hilo ni la mteja, na kampuni ya simu ikianguka, wadai wake hawaligusi. Kadi ya duka moja haiguswi na masharti hayo kwa kuwa haipokelewi kwingine, ingawa kwa aliyeishika ni fedha ileile. Minyororo mikubwa ya supamaketi, ambayo waajiri hununua vocha zake kwa mamia kila Desemba ili kuwapa wafanyakazi wao, ingeweza kutakiwa kutenga fedha hizo kwa namna hiyohiyo bila kubuni taasisi yoyote mpya. Duka la mtaani linaloandika vocha kwa kalamu haliwezi kubeba gharama ya akaunti ya amana, wala halihitaji. Kwake inatosha vocha ihesabiwe kama deni lingine lolote, kwa miaka 6.