Sainobakteria na unasaji wa naitrojeni jarubani

Vitabu vya zamani viliwaita mwani wa buluu-kijani, na wapo wanaoling'ang'ania jina hilo mpaka leo. Mimi siliafiki. Mwani kwa msomaji wa Kiswahili ni ule unaoanikwa Paje na Jambiani, zao la baharini. Hawa ni bakteria, seli zao hazina kiini, ila hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mimea. Sainobakteria, basi, ndilo jina lao. Mkulima wa mpunga akiona utando wao ukielea jarubani huuita ukoga, akapita zake.

Kazi yao kubwa ni kunasa naitrojeni. Asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, lakini atomu zake zimeshikana mbilimbili kwa nguvu, na mpunga hauwezi kuitumia ilivyo. Baadhi ya sainobakteria, wakiwemo Nostoc na Anabaena, huinasa na kuigeuza amonia. Shida ni kwamba kimeng'enya kinachoinasa, naitrojenesi, huharibiwa na oksijeni, nao wenyewe huzalisha oksijeni mchana kutwa. Utazame uzi wa Anabaena kwa hadubini: seli zimepangana kama shanga, na kila baada ya kadhaa hujitokeza moja yenye kuta nene, rangi imepauka. Hiyo ni heterosisti. Haizalishi oksijeni, hunasa tu, na sukari huletewa na jirani zake.

Mwaka 1939 P. K. De, aliyechunguza udongo wa majaruba ya India, alionyesha kwamba viumbe hawa ndio wanaoyarutubisha. Lakini hawanasi popote wala wakati wowote. Udongo wenye tindikali huwakwaza, na fosforasi ikipungua hudorora. Mpunga ukiwa mchanga, jua kali huwaunguza. Ukishafunga, kivuli huwanyima mwanga. Konokono nao huwala. Maji yakikauka, baadhi hujihifadhi topeni wakiwa vijimbegu hadi msimu mwingine.

Linalowaathiri zaidi ni mkono wa mkulima mwenyewe. Yurea ikimwagwa juu ya maji, sainobakteria hupata naitrojeni ya bure na huacha kunasa, huku mwani wa kijani halisi ukitawala. Mwani huo hufyonza kabonidayoksaidi mpaka maji yanakuwa ya alkali, na sehemu ya amonia hupaa hewani. Hasara juu ya hasara. Yurea ikifukiwa kwenye tope, amonia haipotei sana, na unasaji huendelea juu yake.

Makadirio ya kawaida ni kilo 20 hadi 30 za naitrojeni kwa hekta kwa msimu, mazingira yakiwa mazuri. Mfuko wa yurea wa kilo 50 una kilo 23. Kwa hiyo anayewauza sainobakteria kama mbadala wa mbolea yote anawadanganya wakulima. Lakini anayewapuuza anatupa karibu mfuko mzima kila hekta.