Kiingereza cha Mlimani na jirani yangu aliyekijua nusu

NILIFIKA Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986 kusomea shahada ya uzamili katika Kiswahili. Mpaka wa nchi zetu mbili ulikuwa umefunguliwa tena mwishoni mwa 1983, baada ya kufungwa tangu 1977, na Mkenya pale Mlimani alikuwa bado kitu cha kutazamwa. Nilikwenda na Kiingereza kingi na Kiswahili cha vitabuni. Jirani yangu bwenini, kijana wa kusini aliyekuwa mwaka wa pili wa uchumi, alikuwa kinyume changu. Tukapatana: yeye aninyooshee Kiswahili, mimi nimsaidie Kiingereza.

Jioni moja akaja na insha iliyorudishwa ikiwa imejaa wino mwekundu. Ilihusu wakulima wa pamba wakati wa ukoloni. Kitabu alichokisoma kilisema kwamba wakulima hao 'hardly benefited' kutokana na bei za soko. Yeye akaandika kurasa nne kuthibitisha kuwa walinufaika mno, na mhadhiri akamwuliza pembeni kama alikifungua kitabu kweli.

"Nimekisoma mara mbili, kaka," aliniambia. "'Hard' si bidii? Si nguvu? Na hiyo 'ly' si ndiyo inayoleta 'kwa'? Basi wamenufaika kwa nguvu!"

Nilicheka, kisha nikaona aibu. Kanuni aliyoitumia ni ileile aliyofundishwa shuleni, ile inayotoa 'quickly' kutokana na 'quick', na aliitumia sawasawa kabisa. Neno lenyewe ndilo lililoasi. Kumbe mwandishi alimaanisha kwamba wakulima hawakuambulia chochote cha maana.

Hapo ndipo ulipo mtego wa mwanafunzi wa kiwango cha kati. Anayeanza lugha hajui na anajua kwamba hajui, kwa hiyo huuliza. Huyu wa kati anajua vya kutosha kupotea bila wasiwasi wowote. Kamusi haifungui, maana neno analiona kama rafiki wa zamani.

Mbona chuo kizima hakikuliona hilo? Turudi nyuma kidogo. Chuo hicho kilianza 1961 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, na kilichukulia kwamba anayeingia mlangoni Kiingereza anacho tayari. Enzi hizo dhana hiyo ilikuwa na msingi, kwa sababu wachache waliofika huko walikuwa wamesoma kwa Kiingereza miaka mingi. Kisha, mwaka 1967, Tanzania ikakifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za umma. Uamuzi huo mimi nausifu hadi leo. Lakini sekondari na chuo kikuu viliachwa palepale, isipokuwa Idara ya Kiswahili, iliyoanzishwa 1970 na kufundisha kwa lugha yake. Ndiyo maana mimi mgeni niliandika tasnifu yangu kwa Kiswahili huku wenyeji wangu wakihangaika na Kiingereza!

Hesabu tu miaka. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza 1968 alisoma miaka saba ya msingi, minne ya sekondari na miwili ya kidato cha tano na sita. Alikuwa tayari kwa chuo mwanzoni mwa miaka ya themanini. Kwake yeye Kiingereza kilikuwa somo la darasani, kengele ikilia limekwisha. Kilikuwa lugha ya kigeni, ila kwenye ratiba kiliendelea kuitwa lugha ya kufundishia.

Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta iliona mwanya huo. Mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia 1985, kisha kipande hadi chuo kikuu. Serikali haikukubali. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikaririwa akikiita Kiingereza Kiswahili cha dunia, na neno la Mwalimu halikuwa jepesi.

Mwaka 1984 Waingereza wawili, Clive Criper na Bill Dodd, wakatoa ripoti yao kuhusu ufundishaji wa Kiingereza nchini humo. Miongoni mwa wanafunzi wa chuo kikuu waliowapima, chini ya asilimia 20 ndio waliokuwa na uwezo wa kusoma bila taabu hata vitabu vyepesi vya masomo yao. Ukisoma tarakimu hiyo ungetarajia wapendekeze lugha ibadilishwe. La hasha. Walipendekeza Kiingereza kiendelee na kiimarishwe, na Uingereza ikagharimia mradi ulioanza 1987, wenye vitabu vya hadithi vilivyorahisishwa kwa viwango.

Mwelekeo wa ripoti hiyo siupendi, lakini vile vitabu sina ugomvi navyo. Mwaka 1953 Michael West, aliyekuwa amefundisha Kiingereza huko Bengal, alichapisha orodha ya maneno kama 2000 yanayotumika zaidi. Maneno hayo hutosha takriban manane katika kila maneno kumi ya kitabu cha kitaaluma. Yanayobaki mawili ndiyo huwa yamebeba hoja, na hayakaririwi kwa orodha. Yataka kukutana nayo mara kumi, mara ishirini, katika sentensi ambazo mtu anazisoma kwa hamu. Jirani yangu hakuponywa na somo la stadi za mawasiliano. Aliponywa na riwaya za James Hadley Chase, zilizokuwa zikizunguka bwenini zikiwa hazina jalada. Humo alikutana na 'hardly' kila jambazi alipoponea chupuchupu.

Ile sapu, yaani mtihani wa marudio, aliufanya akapita.

Wakenya wenzangu, tusichekelee. Tunajidai kwamba kwetu Kiingereza ni lugha ya pili, si ya kigeni. Labda ni kweli Nairobi. Nimefundisha chuoni zaidi ya miaka thelathini, na kila mwaka hukutana na vijana waliopata alama nzuri za Kiingereza katika mtihani wa kitaifa, na ambao kitabu cha kwanza cha sosholojia huwatoa jasho. Hawaulizi. Wataulizaje, na vyeti vyao vinasema wanajua? Hunung'unika kwamba somo ni gumu, nasi wahadhiri hunung'unika kwamba kizazi hiki hakisomi.

Mimi nimejiwekea desturi. Nikisahihisha kazi ya mwanafunzi nikakuta hoja iliyogeuzwa juu chini, kalamu nyekundu naiweka kando. Namwita ofisini, nafungua kitabu chenyewe, namwomba anisomee sentensi ile, kisha anieleze kwa Kiswahili imesema nini.