Sensa ya Daudi na Hoja ya Uvuvio wa Biblia

Tangu miaka ya 1980, ubishi kuhusu Biblia nchini Tanzania umekuwa ukifanyika hadharani, katika mihadhara ya mlingano wa dini. Ngariba Mussa Fundi na Kawemba Mohamed Ali, waandishi wa Uislamu katika Biblia, walifuata njia ya Ahmed Deedat wa Afrika Kusini: kusimama na Biblia mkononi na kumtaka Mkristo aeleze mistari inayopingana. Deedat naye alijifunza kwa Izhar ul-Haqq, kitabu cha Rahmatullah Kairanawi, aliyejadiliana na mmisionari Karl Pfander mjini Agra, India, mwaka 1854. Makala hii inadai kwamba ubishi huu hupima tofauti za maandishi, kisha hutoa hukumu juu ya uvuvio bila kueleza uvuvio ni nini.

Tuchukue sensa ya Daudi. Katika 2 Samweli 24, hasira ya Bwana ndiyo inayomsukuma mfalme kuwahesabu watu. Katika 1 Nyakati 21 ni Shetani. Kitabu cha Samweli kinataja wapiganaji 800,000 wa Israeli na 500,000 wa Yuda. Nyakati inataja 1,100,000 na 470,000. Bei ambayo Daudi alilipa baadaye kwa kiwanja cha kupuria nafaka nayo inatofautiana: ni shekeli 50 za fedha kwa kiwanja na ng'ombe, au shekeli 600 za dhahabu kwa mahali pale. Watetezi hujibu kwamba 600 zilinunua eneo zima. Jibu hilo laweza kupita kwa bei, lakini halimgusi Shetani. Maelezo ya wanahistoria yana nguvu zaidi: mwandishi wa Nyakati aliandika baada ya uhamisho wa Babeli, akaisimulia upya habari ya kale kwa watu walioona vigumu kumhusisha Mungu na kishawishi. Tofauti ipo, na kwa sehemu ni ya makusudi.

Je, inauangusha uvuvio? Kwa anayeamini kwamba kitabu cha Mungu hushuka neno kwa neno, kama Waislamu wanavyoamini kuhusu Qurani, kosa moja latosha. Waprotestanti waliotoa Tamko la Chicago mwaka 1978 wanakaribia msimamo huo, ila wanaufunga kwenye nakala za asili, ambazo hakuna aliye nazo. Dei Verbum ya Kanisa Katoliki, ya mwaka 1965, inawaona waandishi kuwa watunzi halisi waliotumia uwezo wao wenyewe, na inaufungamanisha ukweli wa Maandiko na wokovu. Luka mwenyewe anaanza kwa kusema amechunguza na kupanga habari zake.

Mpinzani atauliza: uvuvio unaovumilia tofauti zote utakanushwa na nini? Swali ni la haki. Uvuvio wa namna hiyo haukanushwi kwa orodha ya makosa, lakini pia hauthibitishwi kwa kudai kwamba makosa hayapo. Pande zote mbili zinapoteza silaha yao kuu.

Jambo hili linawahusu, kwa mfano, watu wa Nkololo, wilayani Bariadi, katika Usukumani. Parokia ya Katoliki ipo hapo, na Usukumani kote Kanisa la Afrika Inland limeota mizizi, likiwa na urithi wa wamisionari walioshikilia kwamba Maandiko hayana kosa. Majirani wanasoma habari ileile ya Daudi kwa mafundisho mawili ya uvuvio. Wasukuma wanajua pia mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, ambapo mshindi ni aliyevuta watu wengi zaidi. Mhadhara nao huamuliwa na makofi, ilhali ukweli wa kitabu hauamuliwi hivyo.

Kwa hiyo Mkristo akiri tofauti zilizopo bila kuzifunika kwa majibu ya haraka, na Muislamu asidhani kuzitaja kunamaliza hoja. Waandaaji wa mihadhara waanze kwa kuzitaka pande zote zieleze maana ya uvuvio, kisha sura zote mbili za sensa ya Daudi zisomwe mbele ya wasikilizaji. Kabla ya hapo, hakuna aliyeshinda.