Eti kwetu Mpanda hakuna kitu?

Najua nimepotea sana, mazoezi ya kufundisha yalinibana. Leo nina jambo la kuungama.

Muhula uliopita hapa hosteli tulikuwa na dada mmoja wa Kijerumani, mwanafunzi wa kubadilishana. Jioni moja tunapika wali, akaniuliza kwetu ni wapi na kuna nini cha kuona. Nikamjibu, "Mpanda. Ni mbali halafu hakuna kitu." Basi likizo ilipofika akaenda zake Serengeti na Zanzibar kama wenzake wote.

Jamani, mimi nasomea ualimu wa historia! Jibu lile lilinikaa rohoni, nikaingia maktaba.

Kumbe wageni walianza kuja kwetu zamani. Mwaka 1871 Stanley alikuwa anamtafuta Livingstone. Njia ya kawaida ya Ujiji ilikuwa imefungwa na vita vya Mirambo na Waarabu wa Tabora, akazunguka kusini kupitia nchi ya Wakonongo. Mwaka 1879 Wabelgiji wakajenga kituo Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Baadaye wakaja Waingereza na reli ya kutoka Kaliua, kisa madini ya risasi ya Mpanda. Mgodi ulifungwa, treni ikabaki.

Hao wote hawakuja kutazama mandhari. Waliokuja kwa ajili ya pori lenyewe ni watu wa vyuo, wenzetu kabisa! Miaka ya 1960 Wajapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto waliwafuata sokwe katika nchi ya Watongwe, pale juu ya ziwa. Mwenzao wa chuo hicho, Makoto Kakeya, akaishi na Watongwe wenyewe na kujifunza maisha yao. Miaka ya 1990 akaja Tim Caro wa Chuo Kikuu cha California, Davis, kutafiti wanyama wa Katavi. Mwanafunzi wa chuo hicho, Rebecca Lewison, akachunguza viboko wetu.

Hifadhi ya Katavi ilianzishwa mwaka 1974, ikapanuliwa miaka ya 1990 hadi kilometa za mraba 4,471. Wageni ni wachache, unaweza kutembea kwa miguu ukiwa na askari mwenye bunduki. Kiangazi Mto Katuma unakauka, viboko wanabanana kwa mamia kwenye dimbwi moja, mamba wanajificha kwenye mashimo ya kingo. Na karibu na Ziwa Katavi upo mkwaju ambao wazee wanasema ndimo unakaa mzimu wa Katabi, mwindaji wa Wabende. Watu huacha sadaka pale.

Sasa ungamo lenyewe. Geti la Sitalike halifiki kilometa 40 kutoka mjini, lakini mimi sijawahi kuingia. Hifadhi nimeiona dirishani mwa basi la Sumbawanga tu, nusu nimelala. Mgeni wa California anawajua viboko wa kwetu kuliko mimi.

Na kuna la kuuma zaidi. Ule msongamano wa viboko unaopigwa picha sana, sehemu yake ni kiu. Kiangazi Katuma unapungua mno kuliko zamani, kwa sababu maji yanachepushwa huko juu kwenda kwenye mashamba ya mpunga. Siwalaumu wakulima, ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye mpunga. Hata ule wali tuliokuwa tunapika siku ile ni mchele niliotumiwa na mama kutoka nyumbani! Yaani nasema hakuna kitu huku natia chumvi kwenye maji ya Katuma.

Wadau wa ualimu, kesho kutwa tutapangiwa shule. Ukipangiwa Katavi usilie, lami ya kutoka Tabora imeshafika. Wapeleke wanafunzi wakauone mto, wajue unatoka wapi na nani anaunywa. Na mimi likizo hii nashuka Sitalike, inshallah. Yule dada nimeshamwandikia barua pepe kumwomba radhi.

Nawasilisha.